Kula Ndiyo Kazi Yetu

Jumatatu, 26 Septemba 2005

Naanza kuandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mwandiko mbaya usamehewe. Leo Hiram amekuja tena jikoni kwetu na tepu ya kupimia. Amepima kona yote, kutoka ukutani mpaka mtaroni, huku sisi tukiosha sufuria, ni kama hatupo. Nilitaka kumwagia maji ya masizi miguuni. Mama Fadumo akanishika mkono. Jioni akaniambia hasira zangu nizipe daftari, zisije zikaingia kwenye uji.

Kwa atakayesoma bila kutujua: sisi ni akina mama wa Uji wa Alfajiri, hapa Kitale. Kila siku kabla jua halijatoka tunapika uji nje ya ukuta wa hospitali, kwa wenye wagonjwa waliokesha hapo nje na kwa waliojifungua usiku. Nusu yetu ni Waislamu wa mjini, tunaokaa karibu na msikiti. Nusu ni Wakristo wa mashamba ya Kiminini, ambao wazazi wao walitoka Nyeri na Murang'a. Mwenyekiti wetu ni Mama Fadumo, ambaye aliwasha moto wa kwanza. Mimi ni Nafisa, fundi wa cherehani, katibu kwa sababu wengine walikataa. Miaka ishirini na minne haijapita asubuhi moja bila uji. Siri ni ndogo tu: Idd yetu wao hupika, Krismasi yao sisi hupika. Hakuna sikukuu ya wote.

Kona ni ya Hiram. Marehemu baba yake alitupatia kwa mdomo tu, bila karatasi, na mdomo wa marehemu hauwezi kuitwa shahidi. Sasa mwana anataka kujenga maduka. Mama Fadumo akamweleza habari ya Tuzo ya Nguzo, ambayo shirika moja la Nairobi limetangaza redioni, kwa vikundi vilivyofanya kazi nzuri zaidi ya miaka ishirini bila kuanguka wala kuingia siasa. Hiram akafikiri kidogo, akakunja tepu yake.

"Mkishinda, kona ni yenu," alisema. "Nitaandika jina ya mzee wangu hapo juu, watu wa gazeti wapige picha. Msiposhinda, Disemba naleta fundi."

Basi tumeomba. Ati tuthibitishe kwamba tumedumu.

Alhamisi, 29 Septemba

Mvua. Uji umetoka.

Jumatano, 5 Oktoba

Ramadhani imeingia. Tunapika baada ya adhana ya alfajiri, kwa hivyo sisi Waislamu hatuwezi kuonja. Mwezi huu mdomo wetu ni wa Nyaruai.

Nyaruai, mama yake Dancan, hutoka Kiminini na gari la kwanza. Wimbi na maziwa mengi ya uji wetu ni ya shamba lake. Anachota kwa kijiko, anapuliza, anaonja, halafu anafumba macho na kukaa kimya mpaka unataka kumtikisa. Mimi mwanamke huyu hunichosha. Leo nikamwambia, "Mama Dancan, hii ni uji, si kesi ya shamba." Hakufungua macho. Akasema, "Sukari haijafika." Tukaongeza. Akarudia yote tena, na foleni ikingoja. Uji umetoka.

Jumatano, 12 Oktoba

Mvua ya mawe jioni. Nyaruai analia na mahindi yake. Ameyakata na kuyasimamisha shambani yakauke, na sasa yanaoga kila siku. Majaji wa tuzo wamepiga simu, watakuja wiki ijayo. Uji umetoka.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimekasirika mpaka kichwa kinauma, na bado futari.

Jaji amekuja saa sita mchana. Watu wanaopikia watu alfajiri, yeye anakuja saa sita, mwezi wa Ramadhani! Alikuta majivu baridi, sufuria zimefunikwa na sisi tumekaa kwenye ubao midomo imekauka. Anaitwa Madam Nekoye, ametumwa kutoka Bungoma, mwanamke mnene mwenye uso wa upole na viatu visivyopenda matope yetu.

"Poreni na kazi, akina mama," alisema kwa matamshi ya kwao. Akauliza habari za mwanzo wetu, akauliza kama tuna kibao cha jina. Hatuna. Akauliza kama tuna mpango mkakati. Nikamwambia mpango ni kuamka. Mama Fadumo akanikanyaga.

Halafu akamgeukia Mama Fadumo na kumuuliza swali la ajabu kuliko yote.

"Na hii kikundi yenu, mama, iko na mambo ya kula?"

Mama Fadumo akafurahi, maana hatimaye mtu ameuliza jambo la maana. "Kula ndiyo kazi yetu, mwanangu. Bila kula hatungekuwa kikundi."

"Hata wakati huu?"

"Wakati huu sisi wenyewe tumesimama mpaka mwezi uishe. Lakini watu wengine tunawashughulikia kila siku. Hatuulizi mtu kabila wala dini."

"Na nani anawatuma?"

"Mungu," akasema Mama Fadumo.

Madam akakunja uso kidogo, akasema sawa. Mtu anatembelea kikundi cha kupika uji, anauliza kama kina mambo ya kula! Ni kama kuingia kwangu na kuuliza kama cherehani ina mambo ya uzi.

Baadaye Nyaruai akamchukua kando kumwonyesha magunia ya wimbi chini ya turubai. Waliongea kwa muda mrefu. Dancan alikuwa hapo akishusha kuni, na ile kofia yake ya ndizi. Mwezi ujao kuna kura ya maoni ya katiba, na mji mzima ni ndizi ya Ndiyo na chungwa la Hapana, utadhani tumekuwa soko la matunda. Sikuipenda hiyo kofia kuwa karibu na jaji. Uji ulitoka asubuhi, lakini nani aliuona?

Ijumaa, 4 Novemba

Idd. Wa Kiminini wamepika peke yao. Nilipotoka kuswali nilipita hospitalini na nguo zangu mpya, eti nasalimia tu. Kila kitu kilikuwa sawa. Nyaruai akanipa kikombe, nikanywa nimesimama. Ulikuwa uji mzuri, sitasema uongo siku ya Idd.

Alhamisi, 10 Novemba

Uji umetoka. Hiram amepita, akauliza, "Kombe iko wapi?" Nikaendelea kukwangua sufuria.

Jumanne, 15 Novemba

Wametutoa.

Nilikuwa nashona mfuko wa sare ya shule, simu ikalia. Kijana wa lile shirika, sauti ya kiofisi, akasema Uji wa Alfajiri umeondolewa kwenye Tuzo ya Nguzo kwa kushiriki kampeni. Nikamuuliza kampeni gani. Akasema ndivyo jaji alivyothibitisha akiwa jikoni kwetu. Lakini tunakaribishwa kwenye sherehe ya tuzo, chuo cha wakulima cha Mabanga, Disemba tarehe kumi, kama wageni, na chakula kipo. Nilikata simu nikagundua nimeshona mfuko ukafungwa mdomo.

Kampeni! Sisi, ambao tumepikia watu uji uchaguzi baada ya uchaguzi, na hakuna mgombea aliyewahi kupata hata nafasi ya kubandika picha yake kwenye mabati yetu! Mwaka fulani mheshimiwa mmoja alileta sukari na kipaza sauti. Mama Fadumo akapokea sukari, akarudisha kipaza sauti. Na sasa ni sisi tunaoitwa wanasiasa, na kwa sababu hiyo kona itakwenda, na Disemba Hiram ataleta fundi.

Nimekaa nikifikiri ni nani alimwambia Madam Nekoye mambo ya kampeni. Mimi sikumwambia. Mama Fadumo aliongea habari za kula tu. Nani alimchukua kando? Kofia ya nani ilikuwa hapo? Najua jibu, na kesho nitalisema.

Jumatano, 16 Novemba

Nimelisema. Mbele ya foleni nzima nilimuuliza Nyaruai kama hatimaye ametuuza kwa kofia ya mwanawe. Alikuwa ameshika kijiko, bado hajaonja.

"Mimi nilimwambia mambo ya wimbi, Mama," alisema. "Na vile mvua imeharibu mahindi. Basi."

Nikamwambia aache uongo, watu wao mwaka huu hawawezi kufunga mdomo. Ndiyo, nilisema "watu wao", kabila zima. Nimeyaandika hapa kama yalivyotoka. Nyaruai akaweka kijiko juu ya kifuniko polepole, kama anavyofanya kila kitu.

"Mwezi mzima mdomo yangu ilikuwa yenu," alisema. "Leo ndiyo mmeona ni ya siasa."

Akachukua kikapu chake akaenda stendi. Wenzake wa Kiminini wakamfuata, wote isipokuwa wawili. Uji umetoka, lakini kwa kuchelewa, na hakuna aliyeonja.

Alhamisi, 17 Novemba

Wimbi na maziwa vimefika na gari la kwanza, kama kawaida. Nyaruai hakufika. Uji umetoka.

Ijumaa, 18 Novemba

Maziwa yamefika. Yeye hakufika.

Jumatatu, 21 Novemba

Siku ya kura. Mji mzima umepanga foleni, na sisi tulikuwa na foleni yetu. Tulipika tukiwa wanne tu. Maziwa yamefika. Kila nikiona yale madebe najisikia vibaya, kisha nakasirika kwa kujisikia vibaya. Kama ana hatia, mbona anatuma maziwa?

Alhamisi, 24 Novemba

Sasa si Ramadhani, kila mtu anaweza kuonja, na hilo ndilo tatizo. Mmoja anasema sukari imezidi, mwingine anasema haipo. Tumebishana mpaka uji ukashika chini. Bwana mmoja aliyekesha na mtoto wake akanywa, akatazama ndani ya kikombe, akauliza kwa adabu kama leo kuna mpishi mgeni.

Tulipokuwa tunakwangua sufuria Mama Fadumo akasema, "Wale walituhukumu bila kurudi kutuuliza, ukakasirika. Na wewe, ulimuuliza Mama Dancan kabla ama baada ya kumhukumu?"

Nikamwambia si sawa hata kidogo. Akasema haya. Nachukia akisema haya.

Jumamosi, 3 Disemba

Jua, hatimaye. Barabara ya Kiminini yote imeanikwa mahindi, wanasema. Sijaenda kuona. Uji umetoka.

Jumamosi, 10 Disemba

Tumerudi kutoka Mabanga. Nitaandika yote, hata kama mshumaa utaisha.

Sikutaka kwenda. Mama Fadumo ndiye aliyetaka, akavaa shungi yake mpya. Alisema kama kona inakwenda, anataka kuona kilichomshinda kina sura gani. Tulipika, tukagawa, tukaosha, ndipo tukaondoka, yeye na mimi.

Kwenye kile chuo cha wakulima walikuwa wameweka mahema meupe na viti vilivyovalishwa nguo, ati viti navyo vina sare. Mshindi alikuwa kikundi cha wafuga nyuki chenye kibao kikubwa, masweta ya rangi moja na wimbo. Siwachukii. Lakini mwenyekiti wao alipoulizwa wamedumuje, akasema wao ni warithi wa kikundi cha zamani kilichovunjika mara mbili, na sasa wana maono. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Mama Fadumo, mikono yake yenye makovu ya mvuke imelala kwenye mapaja, naye anapiga makofi pia. Nilikuwa nataka siku moja, mara moja tu, mtu mbele ya watu aseme jina lake.

Mkubwa wa shirika akatoa hotuba ndefu juu ya subira, akamalizia, "Mvumilivu hula mbivu."

Kufikia hapo subira yangu iliisha. Nilivuka katikati ya viti mpaka kwa Madam Nekoye na kumsalimia, maana nimelelewa. Kisha nikamuuliza ni nani aliyemwambia sisi tunafanya kampeni.

Akanitazama kwa huruma. "Si ni nyinyi, dada yangu? Mama mwenyewe arisema, kula ndiyo kazi yetu."

"Sasa kula ni kampeni?"

"Si ndiyo hiyo? Niriuliza kama mko na mambo ya kula, mama akasema bira kula hamngekuwa kikundi. Akasema mnashughurikia watu kira siku. Mimi ningefanya nini?"

Nikaleta vidole vyangu vitano mdomoni, kama mtu anayekula ugali. "Hii kula?"

"Hapana," akasema, "kula ya kutia kwa sanduku." Nikaona neno likimrudia usoni, pole pole, mpaka akashika mdomo kwa mkono.

Mama Fadumo alikuwa amenifuata. Alianza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akalie kiti cha wageni rasmi. "Kwa hivyo nilisema ni Mungu ametutuma kampeni," alisema akifuta machozi, "na ati tumesimama mpaka mwezi uishe." Watu wa karibu wakacheka. Hata Madam Nekoye akacheka huku analia. Mimi sikucheka. Kura, si kula. Herufi moja! Wametutoa kwa herufi moja, na hakuna aliyefikiri kurudi kuuliza mara ya pili.

Nasema haki: Madam alitushika mikono akaomba msamaha, akatupeleka mwenyewe kwa yule mkubwa na kueleza kosa lake bila kulipunguza. Yule bwana akasikiliza akiangalia saa. Akasema ni bahati mbaya, lakini ngao imeshachongwa jina, na tuzo hutolewa kila baada ya miaka mitano. Tuombe tena.

Nikamwambia, "Mzee, hii ni tuzo ya wenye kudumu. Nyinyi hamkuweza kudumu na swali moja."

Akatabasamu kama wanavyotabasamu, akaagiza tupewe cheti cha kuhudhuria. Cheti cha kuhudhuria! Sisi ambao tumehudhuria kila alfajiri tangu wengine hapo wakiwa wananyonya!

Njia nzima Mama Fadumo alikuwa akicheka peke yake, na mimi nikitazama dirishani. Tulipopita Kiminini niliona taa za nyumba za mbali, nikakumbuka kijiko kikiwekwa polepole juu ya kifuniko. Kumbe nilivyomfanyia Nyaruai ni vilevile, na mimi sina hata herufi ya kusingizia.

Jumapili, 11 Disemba

Nilijaza chupa ya chai uji wa leo nikaenda Kiminini. Nilimkuta ameketi kwenye turubai akipukuchua mahindi. Mengine yameota ukungu, alikuwa akiyatenga. Hakuinuka. Nikamweleza habari ya Mabanga, kula na kura, yote. Hakucheka. Nikamwambia nilimkosea, na kwamba neno "watu wao" lilitoka kinywani mwangu na sijui niliweke wapi.

Alipukuchua gunzi zima. Nikamimina uji kwenye kifuniko cha chupa nikamnyoshea.

"Onja," nikasema.

Akapuliza. Akaonja. Akafumba macho, akakaa hivyo, na mimi kwa mara ya kwanza sikutaka kumharakisha.

"Sukari haijafika," akasema. Kisha, "Ni nani anawapimia siku hizi? Mnaharibu wimbi yangu."

Jumatatu, 12 Disemba

Nyaruai amerudi, na wenzake wote. Uji umetoka.

Jumatano, 14 Disemba

Hiram ametimiza neno. Amekuja na mafundi, wameng'oa mabati yetu na kumwaga lori la matofali pale palipokuwa na moto. Nilimweleza habari ya herufi. Akasema pole, lakini yeye alisema kushinda, hakusema karibu kushinda. Mabati yetu aliyaegemeza ukutani vizuri, ati ni hisani. Marehemu baba yake alikuwa akinywa uji wetu kila asubuhi akitoka sokoni, na huyu anatupa hisani ya mabati yetu wenyewe!

Alhamisi, 15 Disemba

Tumepika ng'ambo ya mtaro, kando ya barabara, chini ya turubai la Nyaruai. Mafiga yetu yalivunjwa, kwa hivyo nimechukua matofali matatu ya Hiram. Sikuomba. Uji umetoka kwa wakati wake.

Jumamosi, 17 Disemba

Madam Nekoye amekuja kutoka Bungoma. Alilala Kitale ili awahi alfajiri, na safari hii alivaa gambuti za matope. Alisimama akitazama foleni mpaka mwisho wake. Akasema atawaandikia wakubwa upya. Nikamwambia aoshe vikombe kwanza. Ameosha vyote.

Jumanne, 20 Disemba

Manyunyu ya asubuhi, kuni mbichi, moto umekataa. Mama Fadumo akatoa cheti cha kuhudhuria chini ya shungi yake, akakikunja, akakiingiza chini ya sufuria. Karatasi nzuri ile, imeshika mara moja. Uji umetoka.

Alhamisi, 22 Disemba

Leo ilikuwa zamu yangu ya kugawa. Sheria yetu ni moja: anayefika mbele ya sufuria haulizwi kitu. Nimeishika sheria hiyo miaka yote bila kujua ni ngumu.

Nilikuwa nachota bila kutazama nyuso, maana foleni ilikuwa ndefu, mpaka nikaona kikombe kilichoshikwa na mkono wenye saa ya dhahabu. Hiram. Macho mekundu, shati limekunjamana, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Aliyekuwa nyuma yake akaninong'oneza kwamba mkewe, Rosaline, alipasuliwa usiku, mtoto ni msichana, na bwana huyu amesimama nje tangu jana jioni bila kuonja kitu.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyatunza tangu Septemba, makali, yamepangwa vizuri. Pembeni Nyaruai ameshika kijiko chake, Mama Fadumo anasukuma kuni, na wote wawili hawakunitazama, makusudi. Nikachota, nikamjazia. Alikunywa hapo hapo amesimama, kwa pupa, akiungua midomo. Halafu alipoteremsha kikombe macho yake yakafika chini, kwenye moto, akaona mafiga: matofali yake matatu, yameshakuwa meusi.

Nikangoja aseme. Nilitaka aseme, nipate ruhusa ya kutoa yangu.

Akayatazama muda mrefu. Kisha akaninyoshea kikombe tena.

"Ongeza, mama," alisema. "Hii ni ya Rosaline."

Nikaongeza mpaka pomoni. Bado nina hasira. Uji umetoka.